Mke Wangu Ameondoka na Samaki kwenye Ndoo

Mpendwa Mama Mshauri,

Salamu nyingi, na shikamoo pia, maana sijui umri wako na sitaki kuanza kwa kukosa adabu. Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, kwa sababu nimepandwa na hasira kiasi kwamba jana mteja aliniuliza dawa ya kikohozi nikamjibu kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea.

Mimi ni mfamasia, nina duka langu la dawa, na kwa miaka yote niliyokaa nyuma ya kaunta ile hakuna mtu aliyewahi kurudi kuniambia kwamba nimempa dawa isiyo yake, nataka ulielewe hilo kwanza, kwa sababu mke wangu amenifanya nionekane mtu asiyejua kazi, na yeye mwenyewe ni mtu wa maabara hospitalini, kutwa nzima anachungulia kwenye hadubini, haandiki dawa, hatoi dawa, anapima tu na kusema alichokiona. Sebuleni kwetu tuna tangi la samaki wa maji ya chumvi, kubwa, limeshika ukuta mzima kutoka mlango wa jikoni hadi dirishani, na mle ndani mna mawe, mchanga, matumbawe ambayo yeye amekuwa akiyapandikiza kipande kwa kipande kwa gundi mpaka yakawa bustani, konokono, kamba wekundu wenye masharubu, kiti cha pweza mmoja wa bluu, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari, na mkubwa wao wote, samaki bapa wa njano tunayemwita Mkaguzi, kwa sababu taa zikiwaka asubuhi lazima apite jiwe kwa jiwe akidonoadonoa ndipo akubali kula.

Siku moja Mkaguzi akaamka na vidoa vyeupe kwenye mapezi, vidogo kama punje za chumvi, akawa anajikuna ubavu kwenye mawe, anapumua harakaharaka, chakula anakitazama, anakichukua, anakitema, halafu anakwenda kujificha nyuma ya jiwe la kona, na akitoka huko anasimama pale pampu inapotema maji kwa nguvu kama mtu anayetafuta feni. Mimi nikasema hayo ni maambukizi ya ngozi. Mke wangu akasema tusiseme, tupime, akamshika samaki kwa wavu, akamkwangua ute kidogo ubavuni, akautia kwenye tone la maji ya tangi, akaufunika na kwenda nao kazini! Samaki, Mama Mshauri, amepelekewa vipimo hospitali ya watu! Jioni akarudi na video kwenye simu, kidude cha duara kinajizungusha polepole, ndani yake kuna kitu kimepinda kama kiatu cha farasi, akaniambia hicho ni kimelea, kinaishi kwenye ngozi na kwenye matamvua anayopumulia samaki, dawa zako za bakteria hazikigusi, tuwatoe samaki wote tuwatibu pembeni. Nikamwambia picha haitibu.

Kesho yake alipokwenda kazini nikafungua vidonge vya antibayotiki, nikamimina unga wake ndani ya tangi, na baada ya siku chache vidoa vyote vikapotea, samaki safi, ananing'aria. Jumapili ile kaka yangu na dada yangu walikuja kula, nikawasimamisha mbele ya kioo nikawaeleza jinsi nilivyomponya, nikatania kidogo, nikasema huyu mke wangu mtu akiumwa kichwa atataka kwanza akikate akipeleke maabara, watu wakacheka mpaka kaka akapaliwa, na mke wangu akainuka akaanza kukusanya sahani ambazo wengine bado walikuwa wanazilia. Utani tu, wa kifamilia. Tangu hapo akawa hata chakula hali vizuri, anajifungia chumba cha watoto, watoto wenyewe wako shule ya bweni, nikajua ni kinyongo.

Sasa vidoa vikarudi, na safari hii ni kama samaki amemwagiwa unga, na wale wawili wa machungwa nao wakapata. Mke wangu akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, nakuomba usimwage kitu humu, najua unafikiria shaba, shaba inaua kila kisichokuwa samaki. Nikasema sawa. Lakini muuza samaki wa mapambo alishaniambia dawa ya shaba ndiyo kiboko ya vidoa, na mimi si mjinga wa kumwaga ovyo, nilisoma kibandiko cha chupa, nikachukua ujazo ulioandikwa na kiwanda chini ya tangi, nikapiga hesabu kwa makini kama ninavyopima dawa ya mtoto, nikamimina yeye akiwa zamu.

Kilichofuata si kosa langu. Kamba wakalala chali, konokono wakadondoka kutoka kwenye kioo mmoja baada ya mwingine, kiti cha pweza akaanza kumeguka mkono kwa mkono, matumbawe yakajikunja na kutoa ute, maji yakanuka, na wale wawili wa machungwa wakahema juu ya maji mpaka wakanyamaza. Mke wangu alirudi koti lake jeupe likiwa mkononi, akasimama mbele ya kioo, hakulia, hakunitukana, na hicho ndicho kilichonichefua, mtu kama ana jambo si aseme! Akapima maji kwa vichupa vyake, akaenda stoo kuchota maji mapya ya chumvi aliyokuwa ameyaandaa, akamkinga Mkaguzi kwa bakuli, akamtia kwenye ndoo yenye mfuniko, akachukua pampu ndogo ya hewa na begi la nguo. Nikamuuliza mlangoni, unakwenda wapi na samaki wangu? Akageuka akaniambia, "Wewe hukosei, ndiyo maana humu ndani hakuna kinachopona." Mke anamwambia mumewe hivyo, na jirani anasikia!

Sasa yuko kwa dada yake. Nilipompigia shemeji yangu simu ndipo nilipopata habari kwamba Mkaguzi anaishi bafuni, kwenye beseni kubwa la plastiki lenye kipande cha bomba cha kujifichia, na kwamba mke wangu hampi dawa yoyote, narudia, yoyote, kazi yake ni kumhamisha tu, kila baada ya siku tatu anamtoa beseni hili anamtia beseni lile lenye maji mapya, na lile la kwanza analiosha na kulianika mpaka likauke kabisa. Hayo ndiyo matibabu ya mtu wa hospitali! Na mimi tangi langu liko tayari, nimeondoa mizoga, nimebadilisha maji kiasi, taa zinawaka, pampu zinanguruma, na nimeongeza dawa kidogo ya tahadhari. Jumamosi nakwenda na mjomba wangu, ni mtu anayesikilizwa, kumrudisha mke na samaki, na mke akigoma basi angalau samaki. Swali langu ni fupi. Nina haki ya kumchukua samaki wangu au sina, na shemeji akisimama mlangoni nifanyeje?

Ni mimi,
Mume Aliyeporwa


MSHAURI ANAJIBU

Mume Aliyeporwa,

Marahaba. Adabu yetu kwa leo inaishia hapo.

Safu hii ni ya wanyama wa nyumbani. Wiki hii nilikuwa nimjibu mama mmoja mwenye kasuku anayejinyonyoa manyoya, na bwana mwenye kobe aliyegoma kula, na wote wawili wanisamehe, kwa sababu wao wanaweza kusubiri na wewe una Jumamosi. Mambo ya ndoa kwa kawaida nawaachia wenzangu wa ukurasa wa nyuma. Lakini barua yako haikatiki katikati, kila nikijaribu kumtoa samaki peke yake mke anakuja naye.

Jibu la swali lako ni kwamba huna. Usimguse huyo samaki. Ukimrudisha kwenye tangi hilo atakufa, na safari hii hutapata wa kumsingizia.

Sasa kaa chini usikie ugonjwa wenyewe, maana ulielezwa ukajibu kwamba picha haitibu. Kile kidude cha duara hukaa kwenye ngozi ya samaki kikijilia. Kikishiba kinadondoka chenyewe, kinatua mchangani, kinajifunga ganda na kujigawa humo ndani, kisha ganda likipasuka wanatoka wadogo kwa mamia, kila mmoja anatafuta samaki wa kumng'ang'ania. Kwa hiyo vidoa ulivyoviona vimepotea havikupona, vilishuka chini. Jumapili ile uliyowasimamisha ndugu zako mbele ya kioo ukavimba kichwa, wadudu walikuwa mchangani wanazaana. Antibayotiki yako haikuwafanya lolote. Iliowadhuru ni bakteria wema waliokaa kwenye mawe wakila uchafu wa samaki, yaani uliwapiga walinzi ukamwacha mwizi ndani.

Halafu ukaja na shaba. Shaba ni dawa kweli, sikatai, nimeitumia mwenyewe. Inatumika kwenye tangi la pembeni lisilo na mchanga, jiwe wala kiumbe asiye samaki, inapandishwa taratibu na maji yanapimwa kila siku. Haimwagwi kwenye bustani ya mtu aliyekuomba usiimwage! Na hiyo hesabu uliyojisifia, bwana mfamasia, nimeirudia mara mbili nikidhani macho yangu yana makosa. Ujazo ulioandikwa na kiwanda ni wa tangi tupu. Tangi lenu limejaa mawe na mchanga, na mahali palipo na jiwe hapana maji. Mtoto akiletwa dukani kwako na begi la shule mgongoni, unampima uzito pamoja na begi? Wewe umezidisha sumu, na umeizidisha kwa makini.

Unalalamika kwamba mkeo hampi Mkaguzi dawa yoyote. Kumhamisha ndiyo dawa yenyewe. Wadudu wanadondoka chini ya beseni la kwanza, na kabla maganda yao hayajapasuka samaki ameshahamia la pili, wao wanabaki kwenye beseni linaloanikwa juani. Akimhamisha mara kadhaa bila kuchelewa, samaki anabaki safi, na samaki wa aina yake wasioipenda shaba hutibiwa hivyo mara nyingi. Kazi hiyo inachosha. Ni kubeba ndoo, kuchanganya chumvi, kupima joto la maji, kusugua beseni, na anaifanya bafuni kwa dada yake, akitoka zamu. Wewe ukaona hakuna chupa, ukasema hakuna matibabu.

Na hiyo "dawa kidogo ya tahadhari" uliyoiongeza juzi, hebu niambie, tahadhari ya nini? Tangi halina samaki hata mmoja! Unamtibu nani humo? Niliposoma mstari huo nilitoka nje kupunga upepo.

Usidhani sina moyo. Najua inavyouma kumtazama samaki uliyemzoea anahema mbele yako na kioo kiko katikati. Mkono unawasha kufanya chochote, na mtu aliyezoea kutoa dawa akikaa bila kutoa dawa anajiona bure. Watu wengi wameua samaki wao kwa mapenzi hayohayo, wananiandikia hapa wakilia, na siwapigii kelele. Ungekuwa umekosea peke yako kwa kutojua, nisingekupigia wewe. Lakini uliambiwa, ukaonyeshwa kwa macho, ukaombwa kwa sauti ya chini, ukasema sawa. Ukasubiri aende kazini. Hapo suala la kujua au kutojua dawa halipo tena, bwana, hapo ulimdanganya mkeo usoni, kisha umeniandikia kwamba kilichofuata si kosa lako.

Sasa niende kwa mgonjwa ambaye hukumwandikia. Samaki alipoacha kula, umenieleza anavyokitazama chakula, anavyokichukua na kukitema, anajificha nyuma ya jiwe lipi na anasimama wapi akitafuta hewa. Kazi nzuri, madaktari wachanga wa wanyama ninaowafundisha wangejifunza kwako. Mkeo alipoacha kula na kujifungia chumbani umempa nusu mstari, na hapohapo ukamwandikia jina la ugonjwa, kinyongo. Hukumuuliza, hukumgongea mlango, hukumpelekea hata kikombe cha chai. Mwanamke amechekwa kazi yake na shemeji na wifi yake ndani ya nyumba yake, huku akiwa ndiye pekee aliyesema kweli, akanyamaza akakusanya sahani. Angekurushia sahani hizo ningemwelewa. Na bado siku alipoondoka kitu cha kwanza ulichomuuliza ni habari za samaki wako. Samaki wako tangu lini? Ni nani amekuwa akiyabandika matumbawe kwa gundi, ni nani aliyekuwa na maji safi yamewekwa tayari stoo? Wewe katika barua yako yote, kitu pekee ulichokifanya kwenye tangi hilo ni kumimina.

Basi fanya hivi. Usimwage tena kitu chochote humo, na chupa ya shaba itoke sebuleni leo. Weka mkaa maalum kwenye chujio unyonye shaba iliyobaki, ubadilishe maji mara kwa mara na kupima mpaka kipimo kisione kitu. Tangi likae bila samaki miezi miwili na nusu, wadudu wakose wa kumla wafe wenyewe. Mchanga na mawe vimeshakunywa shaba, na matumbawe hayatakubali tena kukaa juu yake, lakini usitupe jiwe hata moja kabla hujamuuliza mwenye bustani. Na ikitokea siku moja mkanunua samaki mwingine, akae kwanza tangi la pembeni mwezi mzima mkimwangalia.

Mjomba mwache kwake apumzike. Mtu anayesikilizwa hatakiwi hapa, anatakiwa mtu anayesikiliza. Kabla ya Jumamosi mpigie simu kaka yako, kisha dada yako, wale waliocheka. Waambie kwamba vidoa havikuponywa na wewe, mkeo alikuwa sahihi tangu mwanzo, na waliokufa wameuliwa na mkono wako. Ulimwaibisha mbele yao, kwa hiyo huwezi kuja kuyamaliza kwa kunong'ona mlangoni kwa shemeji. Watakucheka. Vumilia, yeye alivumilia.

Jumamosi nenda peke yako. Kabla hujatoka simama useme "nilikosea" kwa sauti, na kama neno hilo haliwezi kutoka mdomoni mwako bila "lakini" nyuma yake, vua viatu ubaki nyumbani. Kama limetoka, changanya maji ya chumvi kwenye ndoo mpya ambazo hazijawahi kugusa tangi lenu, uyapime, uyafunike, umpelekee, kwa sababu anahitaji maji mapya na mgongo wake si wa chuma. Shemeji akisimama mlangoni, msalimie na uziache ndoo hapo chini. Mkeo akitoka, muulize yeye anaendeleaje, halafu unyamaze mpaka amalize kujibu, hata akijibu kwa muda mrefu, hata akikutukana. Samaki usimtaje kabla hajamtaja yeye.

Atataka kuyapima hayo maji mwenyewe. Usinune wala usimwambie kwamba wewe ni mfamasia. Mshikie taa aone rangi za vipimo vyake vizuri. Na akiyamwaga yote, chukua ndoo zako, rudi nyumbani ukachanganye mengine.